Fahali wawili hukaa zizi moja, wakishajuana

Fahali wawili hawakai zizi moja, wasema wahenga, na wafugaji wa Kitengela na Kajiado wanajua kwamba neno hilo ni kweli kwa siku chache za mwanzo. Baada ya hapo si kweli tena. Ukiwakutanisha mafahali wawili wasiojuana, kila mmoja kwanza humwonyesha mwenzake ubavu: mgongo umebinuka, kichwa kiko chini, shingo imetuna, mwendo ni wa polepole na wa kukakamaa. Kisha huparura ardhi kwa kwato za mbele hadi vumbi liwarukie mgongoni, na husugua shingo na pembe kwenye tuta au kichuguu. Mara nyingi mmoja hugeuka hapo hapo akaenda zake. Wasipokubaliana huja paji kwa paji, wakasukumana, na ushindi ni wa yule anayemrudisha mwenzake nyuma. Siku chache zikipita kila mmoja anaijua nafasi yake. Kuanzia hapo, kuinamisha kichwa kidogo tu karibu na hori kunatosha, na aliye chini anapisha. Ugomvi hufufuka ukiingiza fahali mgeni, ukibana nafasi, au ukiweka chakula chote kwenye hori moja fupi.

Humo zizini mna sehemu kubwa ya yale ambayo etholojia, yaani elimu ya tabia za wanyama, inayasema kuhusu uchokozi. Uchokozi una bei. Mnyama hujipima, humpima mwenzake, hupima na kile kinachogombewa, na mara nyingi huona haifai. Kila kukizuka vurugu hapa Nairobi, iwe ni makanga na mwendesha bodaboda wanaokabana stejini au mtaa mzima uliowaka moto, hukosi kusikia kwamba watu "wamegeuka wanyama". Kauli hiyo inawasingizia wanyama. Ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba inatufumba macho tusiulize kilichochochea ni nini, kilichogombewa ni nini, na nani alishusha bei.

Mwaka 1973 Tuzo ya Nobel ya tiba ilikwenda kwa watu watatu waliotumia maisha yao kuwatazama wanyama: Konrad Lorenz, Nikolaas Tinbergen na Karl von Frisch. Tinbergen ndiye aliyetuachia, miaka 10 kabla ya tuzo hiyo, maswali manne ambayo yeyote anayetaka kueleza tabia yoyote lazima ayajibu. Tumchukue mbwa anayebweka nyuma ya geti la ploti kule Umoja. Swali la kwanza ni la kichocheo: nini kimemwasha sasa hivi? Labda hatua za mgeni, helmeti kichwani, mkono ulioinuliwa kugonga. La pili ni la makuzi. Mtoto wa mbwa huzoea watu na mambo ya dunia hasa kati ya wiki ya 3 na wiki ya 12 au 14 ya umri wake. Aliyefungwa nyuma ya nyumba muda huo wote, asione mtu ila yule anayemletea ugali, atakua akiwaogopa wageni, na woga ni chanzo kikubwa cha kung'ata. La tatu ni la faida: kubweka kunamletea nini? Kila siku mpita njia hupita akaenda zake, na kwa mbwa huo ni ushindi: amebweka, adui ameondoka. Kesho atabweka zaidi. La nne ni la asili ya kizazi: mababu zake, mbwa mwitu wa Ulaya na Asia, walilinda mipaka ya kundi, na binadamu kwa maelfu ya miaka akapendelea wale waliobweka.

Anayejibu swali moja akadhani amejibu yote manne hupotea. Ukisema "huyu ni mbwa mkali kwa damu", umegusa la nne, tena kwa kubahatisha, na umeyaacha matatu ambayo ungeweza kuyafanyia kazi leo jioni.

Lorenz naye alipotea. Alichora uchokozi kama tangi la maji: nguvu hudondokea ndani kila saa, kichocheo hufungua bomba, na likikaa muda mrefu bila kufunguliwa maji hufurika yenyewe hata pasipo adui. Katika kitabu chake cha mwaka 1963 alimpeleka binadamu humo humo, akashauri michezo na mashindano kama njia ya kulimwaga tangi kabla halijapasuka. Picha hiyo imeenea hadi kwenye ushauri tunaopeana: toa hasira, piga mto, piga kelele, utapoa.

Tatizo ni kwamba tangi hilo halijawahi kupatikana mwilini. Njaa ina upungufu wa kweli. Mwili usipopata chakula huharibika. Samaki asiyekutana na mpinzani maisha yake yote hapungukiwi na chochote. Kupigana nako hakumwagi kitu: wanyama wengi waliotoka kushinda pambano huwa wepesi zaidi wa kuanza jingine, na walioshindwa huwa wazito. Kwa binadamu, jaribio la Brad Bushman la mwaka 2002 lilikuwa la wazi sana. Watu waliudhiwa kwa makusudi. Wengine wakapewa gunia la ndondi walipige huku wakimfikiria aliyewaudhi, wengine wakae tu kimya. Waliopiga gunia ndio waliobaki na hasira kubwa zaidi na ndio waliomwadhibu zaidi mtu huyo baadaye. Waliokaa kimya walikuwa wapole kuliko wote. Kwa hiyo mzazi anayemwambia kijana wake apige ukuta ili apoe anampa mazoezi ya kupiga.

Pale Lorenz na Tinbergen waliposimama imara ni kwenye kichocheo. Kuna kisamaki cha Ulaya chenye miiba mitatu mgongoni, ambacho dume lake hugeuka jekundu tumboni wakati wa kujenga kiota na humfukuza dume jingine lolote jekundu. Tinbergen alitengeneza vinyago. Kinyago kilichofanana na samaki kwa kila kitu isipokuwa wekundu hakikumshughulisha sana dume. Kipande kibovu kisichofanana na samaki, ila chekundu upande wa chini, kilishambuliwa vikali. Kule Leiden, Uholanzi, samaki hao waliinuka kumtishia hata gari jekundu la posta lililopita nje ya dirisha. Kinachowasha ni alama moja, wala si mpinzani mzima. Siku hizi tunajua hata swichi ilipo kwa baadhi ya wanyama: mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliwasha kwa mwanga kundi dogo la seli katika haipothalamasi, sehemu ya ndani ya ubongo, ya panya dume, na papo hapo akashambulia jike, hata glavu iliyojazwa hewa. Mwanga ukizimwa, anaacha. Mtambo upo, umeumbwa tayari, na unangoja. Haujai.

Kosa la pili la Lorenz ni kuamini kwamba wanyama huwa hawauani ndani ya jamii moja isipokuwa kwa ajali. Simba wa Serengeti walilipinga hilo kwa ukatili unaoumiza hata kuusoma. Madume mapya yakitwaa kundi, huwaua watoto waliozaliwa na madume yaliyofukuzwa. Sababu yake haina fumbo: jike mwenye watoto hai hukaa karibu miaka 2 kabla ya kuzaa tena, akiwapoteza hurudi joto mapema, na dume mara nyingi halina zaidi ya miaka 2 au 3 ya kutawala kabla nalo halijafukuzwa. Kinachopatikana ni kikubwa, na mtoto wa simba hana uwezo wa kumjeruhi dume. Bei iko chini kabisa.

Hesabu ya bei hiyo iliandikwa na John Maynard Smith na George Price mwaka 1973, na ukiielewa hutaangalia ugomvi kwa jicho lile lile tena. Tuseme kuna wanyama wa aina mbili. Mwewe hupigana mpaka ashinde au ajeruhiwe. Njiwa hutisha tu, na akikutana na Mwewe hukimbia. Kinachogombewa kina thamani ya 20, jeraha lina gharama ya 100. Mwewe wawili wakikutana, kila mmoja ana nusu ya nafasi ya kupata 20 na nusu ya kupoteza 100, kwa hiyo kwa wastani kila mmoja anapoteza 40. Njiwa wawili hugawana, kila mmoja anapata 10. Mwewe akimkuta Njiwa anachukua 20 zote.

Katika nchi ya Njiwa watupu, Mwewe mmoja anatajirika, hivyo Mwewe wataongezeka. Katika nchi ya Mwewe watupu kila mtu anavuja damu, hivyo Njiwa, ambaye hapati kitu lakini pia hapotezi, atazidi kufaulu. Mizani hutulia pale Mwewe wanapokuwa 20 kwa 100, yaani mmoja kati ya watano: thamani gawanya kwa gharama. Hapo Mwewe na Njiwa wote wanapata wastani wa 8. Sasa badilisha namba. Panda thamani, Mwewe wanaongezeka. Shusha gharama ya jeraha hadi iwe chini ya thamani, na Njiwa wanatoweka kabisa. Hakuna aliyehitaji kuwa na moyo mbaya ili hilo litokee.

Wanyama halisi huongeza jambo moja ambalo hesabu hii rahisi haina: hupimana kabla. Kwenye kisiwa cha Rum, Scotland, Tim Clutton-Brock na wenzake waliwafuatilia kulungu wakubwa wa Ulaya wakati wa kupandana. Madume huanza kwa kunguruma kwa zamu, na kasi ya kunguruma hufuata nguvu za mwili, kwa hiyo haidanganyi kirahisi. Wasipoelewana hutembea sambamba, huku na huko, kila mmoja akimtazama mwenzake ubavu. Ni wachache wanaofika kwenye kufungana pembe, na hao ni wale ambao vipimo viwili vya kwanza havikuwatofautisha. Ndiyo maana pambano baya kabisa huwa kati ya walio karibu sawa. Hata kwa samaki hilo huonekana kwa macho: kuna jamii ya samaki wa Ziwa Tanganyika ambao dume mtawala huwa na rangi kali na mstari mweusi usoni, na akishindwa rangi hiyo humfifia ndani ya dakika chache. Ametangaza, na anaachwa.

Kitisho, basi, ndiyo njia ya kuliepuka pambano. Ukikizima kitisho umebakiza jino. Hili nitalirudia kwa mbwa.

Lakini kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo lugha ya mtaani huviunganisha. Walter Hess, Mswisi aliyepata Nobel mwaka 1949, alipitisha umeme katika sehemu za ndani za ubongo wa paka na kumfanya abinue mgongo, asimamishe manyoya na kufoka. Waliomfuata miaka ya 1960 waligundua kwamba kuna sehemu mbili tofauti. Ukiisisimua moja, paka hufoka na kurarua. Ukiisisimua nyingine, pembeni kidogo, paka hunyamaza kimya, hunyatia, na kumng'ata panya shingoni bila mlio wala nywele kusimama. Kumpiga adui na kumkamata mlo ni kazi mbili zenye njia mbili. Simba anayemuua pundamilia pale Nairobi National Park hana hasira naye hata chembe.

Kwa binadamu mgawanyo unaokaribiana na huo ni uchokozi wa papo hapo na uchokozi wa kupanga. Richard Wrangham, aliyewachunguza sokwe Uganda kwa miongo, anashikilia kwamba sisi ni wapole kupita kiasi kwenye ule wa kwanza ukitulinganisha na sokwe, na hatari kupita kiasi kwenye ule wa pili. Naona ana haki. Matatu ya watu 33 yaliyobanwa kwenye foleni ya Jogoo Road, joto, jasho, kiwiko cha mtu mbavuni mwako, na hakuna anayeng'atwa: sokwe 33 wasiojuana wasingefika Muthurwa. Na tukumbuke yaliyotupata. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na ikaeleza kwamba kwingine ghasia zililipuka zenyewe na kwingine zilipangwa na kuratibiwa. Aina hizo mbili hazizuiwi kwa dawa moja. Anayelipuka hutulizwa kwa kumwondoa mbele ya kichocheo. Anayepanga ametulia tayari; kumhubiria kuhusu hasira ni kupoteza muda, kinachomgusa ni bei.

Sokwe wanatuonyesha bei hiyo bila kuficha. Mwaka 2014 Michael Wilson na wenzake walikusanya rekodi za jamii 18 za sokwe zilizochunguzwa kwa muda mrefu, zikiwemo za Gombe, Tanzania, ambako kundi la Kasakela lililimaliza kundi la Kahama kati ya 1974 na 1978. Kulikuwa na mauaji 152, yaliyoonekana, yaliyobainika kwa ushahidi au yaliyoshukiwa. Kati ya walioshiriki kushambulia, asilimia 92 walikuwa madume. Namba ninayoiona nzito kuliko zote ni hii: kwa kawaida washambuliaji walikuwa 8 kwa mhanga 1. Sokwe hawatafuti pambano la haki. Hushambulia pale ambapo kuumia karibu hakuwezekani. Kwa binadamu wingi wa watu, giza, silaha inayoua kutoka mbali na hakika ya kutoshtakiwa hufanya kazi ile ile. Hapa Lorenz alikuwa na hoja nzuri: ishara za kusalimu amri, uso wenye woga, mikono wazi, kilio, zimeumbwa kumzuia mtu aliye karibu. Anayefyatua akiwa mbali hazioni. Wala mambo haya si ya jana. Kule Nataruk, magharibi ya Ziwa Turkana, yalifukuliwa mabaki ya watu wasiopungua 27 waliokufa yapata miaka 10,000 iliyopita, wawindaji na wakusanyaji. Kati ya watu 12 ambao mifupa yao ilibaki imeungana, 10 walikuwa na dalili za kuuawa kwa nguvu, na fuvu moja lilikuwa bado na kipande cha jiwe kali ndani yake.

Ukifika hapa mtu hukuuliza: si ni testosteroni tu, ile homoni ya kiume? Si hivyo. Kwa ndege na wanyama wengi homoni hiyo hupanda baada ya changamoto kuja, mpinzani akivamia au jike akiwa tayari, na hukuza tabia ambayo mnyama alishajifunza. Fisi madoa wa Talek, Maasai Mara, wanaochunguzwa na Kay Holekamp tangu 1988, wanaongozwa na majike, na binti hurithi cheo cha mama yake. Madume waliohamia wana testosteroni nyingi lakini ndio wanaosubiri mwisho kwenye mzoga. Cheo kimeishinda homoni.

Mfano bora wa makuzi ni wa tembo, na ningependa kila mwalimu mkuu wa shule ya bweni ausome. Tembo dume aliyekomaa huingia kipindi cha joto kali kila mwaka. Joyce Poole na Cynthia Moss walikieleza kwa tembo wa Afrika mwaka 1981 kutokana na kazi yao Amboseli. Dalili zake ni majimaji yanayotiririka kati ya jicho na sikio, mkojo unaodondoka mfululizo wenye harufu kali, na kichwa kilichoinuliwa juu. Testosteroni hupanda mara nyingi kupita kiwango cha kawaida. Kwa kawaida kijana hafikii hali hiyo kwa ukamilifu hadi anapokaribia miaka 25 au 30, na akikutana na dume mkubwa aliye kwenye joto, la kwake huzimika.

Sasa, hifadhi ya Pilanesberg, Afrika Kusini, ililetewa tembo yatima kutoka Kruger, ambako wakubwa wao waliuawa ili kupunguza idadi. Walikua bila dume mzee hata mmoja. Wakaingia kwenye joto wakiwa na miaka kama 18, likakaa miezi badala ya siku, na kati ya 1992 na 1997 wakaua vifaru weupe zaidi ya 40. Mwaka 1998 wakaletwa madume 6 wazee kutoka Kruger. Vipindi vya joto vya vijana vikafupika, na mauaji ya vifaru yakakoma. Waliwekewa mbele yao mtu mzima ambaye kumchokoza kulikuwa na gharama, na ambaye hakuwa na haraka ya kumchokoza yeyote.

Fahali wa maziwa aliyelishwa kwa chupa peke yake ni hadithi hiyo hiyo kwa udogo. Ndama dume akikua bila ng'ombe wenzake, akifika utu uzima huwaelekezea binadamu vitisho na mapambano ambayo angewaelekezea mafahali. Ufugapo dume, mweke na ndama wenzake tangu mapema, na usimchezee kwa kumsukuma paji hata akiwa mdogo na anapendeza.

Upande wa pili wa makuzi uko Mara. Robert Sapolsky alikuwa akichunguza nyani huko tangu 1978. Miaka ya mwanzo ya 1980 madume wagomvi zaidi wa kundi moja walikuwa wakivamia jaa la taka la hoteli ya watalii, wakala nyama yenye kifua kikuu, wakafa. Walibaki madume wapole na majike. Hilo peke yake si ajabu. Ajabu ni kwamba madume wa nyani huhama makundi ya kuzaliwa, na miaka 10 baadaye hakuna hata mmoja wa wale wapole aliyekuwa amebaki, lakini madume wageni waliokuja kutoka makundi ya kawaida walikuwa wamefuata desturi ya wenyeji: kuchana manyoya zaidi, kuwaonea walio chini mara chache kuliko kwingine. Waliokuwa wakisema "nyani ni nyani tu" walinyamaza.

Turudi nyumbani, kwenye mambo ambayo msomaji anaweza kuyafanya wiki hii.

Mbwa hapiti kutoka utulivu hadi kung'ata kwa hatua moja. Hupiga miayo pasipo usingizi, hujilamba pua, hugeuza kichwa, huonyesha weupe wa jicho, hujaribu kuondoka, hukunja mkia, kisha hukakamaa, hukodoa, hunguruma, hung'ata hewa, ndipo hung'ata nyama. Kukakamaa ndiyo alama ya kuchungwa: mwili unasimama tuli ghafla, mdomo unafungwa. Toa mkono wako hapo hapo. Mnyororo mfupi unamwondolea hatua ya kuondoka, kwa hiyo anaruka moja kwa moja hadi za mwisho. Na kumpiga anaponguruma ni kosa la hatari kuliko yote, maana atajifunza kunyamaza, si kupoa. Siku nyingine atang'ata bila onyo, na utasema "hakuwa hivyo". Mgeni asimkodolee, asimwegemee kwa juu, asikimbie. Akiwa ameshang'ata mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisipakwe pilipili wala mafuta, na mtu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza, ugonjwa huo karibu kila mara huua.

Kima wa City Park na tumbili wa mitaa inayopakana na misitu huleta tatizo jingine: sisi wenyewe tunawatishia bila kujua. Kwa tumbili kukodoa macho, kuinua nyusi na kufungua mdomo ni kitisho. Mtoto anayemkodolea huku akicheka meno yote nje, na ana ndizi mkononi, ametoa changamoto na zawadi kwa pamoja. Tazama pembeni, funga mdomo, onyesha viganja vitupu. Akishashika mfuko, uachie. Kuvutana humpandishia thamani. Ondoka kwa mwendo wa kawaida ukiwa umempa ubavu. Na usimlishe kabisa, maana kila anayelishwa leo atampora asiyempa kesho.

Kwa kuku, mpangilio wa nani humdonoa nani ulielezwa na Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe mapema miaka ya 1920. Ukiwaongeza wapya, waingize usiku, wawe kadhaa wala si mmoja, na ikiwezekana wakae wiki nzima nyuma ya wavu wakionana bila kugusana. Weka vyombo vya chakula na maji sehemu mbili zilizo mbali, na kila kuku awe na sentimita 10 hivi za ukingo wa chombo. Mwenye jeraha atolewe mara moja, kwa kuwa damu huwavutia wengine. Lakini kung'oana manyoya mgongoni na mkiani si ugomvi, na wengi hukosea hapo. Ni kuku anayetafuta chakula mahali pasipo na cha kuparua. Kumtoa "mchokozi" hakusaidii. Tandaza maranda makavu, ning'iniza sukuma wiki, na ukague protini ya chakula chao.

Kwa watoto wetu, kupiga, kung'ata na kusukuma huwa kwingi zaidi kati ya miaka 2 na 4, halafu hupungua. Hawajifunzi kupiga ukubwani. Hujifunza kuacha, na wanaoshindwa kujifunza ndio wa kusaidiwa mapema. Mwalimu atenganishe mieleka ya mchezo na vita: katika mchezo uso uko wazi, kuna kicheko, anayefukuza hugeuka akafukuzwa, na wakimaliza hubaki pamoja. Katika vita nyusi zimekunjamana, midomo imebana, macho hayabanduki, na wakiachana kila mmoja huenda kivyake. Kupiga marufuku mieleka yote kunawanyima pale wanapojifunzia kiasi.

Na pale stejini? Watazamaji hubadilisha hesabu, kwa sababu kinachogombewa si shilingi 50 tena bali jina mbele ya watu, na kila mmoja anangoja mwenzake apishe kwanza. Walio sawa kwa umri na nguvu, hasa vijana wa kiume, ndio wa kuangaliwa. Lakini watu waliosimama hapo ndio pia njia ya kutokea. Katika migogoro 219 iliyonaswa na kamera za barabarani Amsterdam, Lancaster na Cape Town, katika 9 kati ya 10 angalau mtu mmoja aliyekuwapo aliingilia, na walipokuwa wengi uwezekano uliongezeka. Walichofanya ni kitu kidogo: viganja wazi, kushika mkono taratibu, kusimama katikati, kumvuta mmoja pembeni. Tumbili wa Amboseli, waliochunguzwa na Dorothy Cheney na Robert Seyfarth, hukumbuka nani amegombana na nani wa ukoo gani, kiasi kwamba ugomvi wa wawili huweza kuwarukia ndugu zao. Kwa hiyo ukiingilia, mshike yule unayefahamiana naye, umtoe yeye. Ukimshika mpinzani wake, macho yote pale yatakuhesabu kama wa upande mmoja.